Kufumua Fundo

Wahenga walituachia semi nyingi juu ya kamba. Walisema kamba hukatikia pabovu, wakatuonya tuutafute ubovu kabla haujatutafuta sisi. Lakini uko ubovu wa namna nyingine ambao msemo huo haukuugusa: ule ambao kamba haikatikii hapo, wala hapana ajuaye kwamba upo ila yeye aliyeifunga. Je, huo nao ni ubovu? Kosa lisiloonekana na mtu, wala lisilomdhuru mtu, ni kosa? Swali hili twalileta mbele ya walimu na wanafunzi, si kwa kuwa tumelikuta katika vitabu vya wanafalsafa, bali kwa kuwa tulikutana nalo tungali watoto, likiwa mikononi mwetu, katika bangili ya kigwe.

Tulikuwa darasa la tano, mkoani Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku hizo kazi za mikono zilikuwa na nafasi kubwa shuleni, kwa kufuata shabaha ya Elimu ya Kujitegemea aliyoitangaza Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967. Mkoa wetu ni wa mkonge. Mmea huo si wa asili ya nchi yetu: uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache yalizuka mashamba yasiyo na mwisho, na kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilitoa karibu tani 230,000 za mkonge, kabla nyuzi za viwandani hazijaiangusha bei yake. Kamba zilizotokana na jasho hilo zilikwenda ng'ambo kufunga mizigo ya watu wengine. Sisi watoto tuliokota singa zilizodondoka njiani karibu na korona, tukajifunzia.

Mwalimu wetu wa kazi za mikono alikuwa mtu mwenye busara. Alijua asichokijua, akamwalika mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mkonge aje kutufundisha. Sote tulimwita Babu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi mkekani na kunyosha mguu, wala hakusema neno mpaka alipokwisha kusokota kigwe cha urefu wa dhiraa mbele ya macho yetu.

Namna yake ilikuwa hii. Singa hulowekwa kidogo zisije zikakatika, kisha hugawanywa mafungu mawili. Kila fungu husokotwa pajani kwa kiganja, yote mawili kwa upande mmoja. Kisha mafungu hayo huunganishwa kwa kusokotwa upande wa pili. Hapo ndipo ilipo siri ya kigwe. Kila fungu lataka kujisokotoa lirudi lilikotoka, na kule kutaka kwake ndiko kunakolikaza jingine. Ukikiacha, hakifumuki.

Baada ya kigwe huja bangili. Tulikata vipande viwili, kimoja kifupi na kimoja kirefu, tukavikunja katikati na kuvitundika katika msumari, tukapata nyuzi nne. Mbili fupi zilikaa kati, nazo ndizo mhimili. Mbili ndefu zilikaa kando, nazo ndizo zifanyazo kazi. Bangili yenyewe haizidi shubiri moja, lakini kila uzi wa kando yapasa uwe na urefu wa mara nne au tano ya huo, maana uzi ufanyao kazi huliwa na mafundo. Uzi wa kushoto hupita juu ya mhimili. Wa kulia hupita juu ya ncha ya ule wa kushoto, ukazama chini ya mhimili, ukaibuka ndani ya tanzi lililobaki upande wa kushoto. Kaza. Hiyo ni nusu ya fundo. Nusu ya pili huanzia kulia, kwa mwendo ule ule uliogeuzwa. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Zamu zikifuatwa, kazi hulala bapa kama mkeka. Ukianza upande mmoja siku zote, bangili hujipinda na kuzunguka kama mzabibu.

Sisi tulikuwa tukimfanyia mama yetu. Tulikuwa tumevuka nusu ya kazi, na kengele ya kutoka ilikuwa karibu, tulipoona kwamba mafundo sita nyuma tulikuwa tumeanzia kushoto mara mbili. Palikuwa na kijinundu kidogo, kama punje ya mtama. Tulimwonyesha Babu.

"Fumua," alisema.

"Babu, mbona hapaonekani? Nani atapaona?"

"Umekwisha kupaona wewe, mjukuu wangu."

Kisha akageuka kumsaidia mtoto mwingine. Nasi tukakibonyeza kile kijinundu kwa ukucha mpaka kikalala, tukaendelea kufunga, tukamaliza, tukaipeleka bangili nyumbani. Mama aliivaa, akatusifu mbele ya majirani kwa msemo wa chanda chema huvikwa pete, akicheka kwamba yeye amevikwa bangili. Aliivaa kwa miaka zaidi ya miwili. Ilipokatika, ilikatikia kifungoni, mbali kabisa na pale tulipokosea. Palipokosewa palikuwa pazima hata siku ile.

Hapa ndipo hoja inapokuwa nzito. Lau bangili ingalikatikia penye kosa, tungaliandika insha nyepesi ya kuwaonya vijana kwamba uzembe hulipwa. Lakini haikuwa hivyo, na yafaa tuseme kweli. Msomaji aweza kutuambia: kosa hupimwa kwa madhara yake, mama alifurahi, bangili ilidumu, basi kosa lilikuwa wapi? Na mtoto aliyefumua mafundo sita, akachelewa na kukuta wenzake wamekwisha kwenda, alipata faida gani? Hoja hii si ya kipuuzi. Wako watakaoijibu kwa dini, kwamba hapana lisiloonekana; jibu hilo twaliheshimu. Lakini twadhani liko jibu jingine, nalo limo ndani ya kazi yenyewe.

Twende kwanza Newala. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alipofika katika uwanda wa Makonde, alionyeshwa kamba yenye mafundo iliyokuwa kalenda. Mume aendaye safari alifunga mafundo kwa hesabu ya siku atakazokuwa njiani, akamwachia mkewe; na mke alifungua fundo moja kila siku, mpaka siku ya kurudi mumewe. Tufikiri juu ya kamba ile. Mume akikosea, akafunga fundo moja pungufu, kamba haikatiki. Imeshikana vema, tena yapendeza. Lakini iko siku ambayo mafundo yatakwisha na mlango hautagongwa, na mwanamke atakesha usiku mzima akimlilia mtu ambaye yu mzima, amelala safarini. Kosa lile halikumwangukia aliyelifanya. Lilimwangukia asiyekuwapo lilipofanywa.

Watu wa mbali nao walilijua jambo hili. Wainka wa Amerika ya Kusini, kabla ya kuvamiwa na Wahispania mwaka 1532, waliendesha dola kubwa kwa daftari za nyuzi. Mafundo ya chini kabisa yalikuwa mamoja, yaliyo juu yake makumi, na yaliyo juu zaidi mamia. Walikuwako watumishi wa dola ambao kazi yao ilikuwa kuzifunga na kuzisoma nyuzi hizo, kuhesabu watu na mazao. Fundo moja likihamishwa kidogo kwenda juu, kumi lawa mia; na kijiji hudaiwa kile ambacho hakikuvuna.

Nasi tulipokuwa watu wazima tulipewa daftari, ingawa si ya nyuzi. Miaka ya mwanzo ya 1990 tulikuwa karani kijana katika ofisi moja ya umma. Kazi yetu ilikuwa kunakili kumbukumbu za watumishi waliokuwa wakistaafu. Siku moja tuliandika kwamba kibarua mmoja alianza kazi mwaka 1976, hali alianza mwaka 1967. Tarakimu mbili zilibadilishana mahali, na miaka tisa ya maisha ya mtu ikatoweka. Tulilitambua kosa jioni ile ile, jalada likiwa limekwisha kupelekwa meza nyingine. Kulirudisha kulitaka maelezo ya maandishi na saini ya mkubwa wetu. Tulijiambia kwamba mbele ya safari wako watakaolikagua. Tukafunga kabati, tukaenda zetu.

Mzee yule alikuja mara tatu kuuliza mbona mafao yake ni haba. Alitoka mbali, tena kwa nauli ya kukopa. Mara zote tatu tulimpokea kwa heshima, tukampa kiti, tukamwambia avute subira. Kosa hatimaye liliondolewa na mama mmoja, karani mwenzetu mkongwe, aliyefukua daftari la zamani bila ya kuombwa na mtu. Mzee alipokuja kupokea haki yake, alitushika mkono kwa mikono miwili, akatushukuru kwa uvumilivu wetu. Hatukumwambia. Amekwisha kufariki dunia, na shukrani zile bado tunazo. Hatujui pa kuzirudisha.

Katika siku zile ndipo tulipoikumbuka bangili, tukalielewa jibu la Babu. Yeye hakusema kwamba bangili itakatika. Alikuwa fundi, alijua haitakatika. Alisema, "Umekwisha kupaona wewe." Alikuwa haitazami bangili, alikuwa akiutazama mkono. Mtu hana mkono mmoja wa kazi ndogo na mwingine wa kazi kubwa. Mkono uliobonyeza kijinundu kwa ukucha ndio uliofunga kabati, na namna ya kulifunga ilikuwa imekwisha kujifunza. Kosa la bangili halikumdhuru mama yetu hata chembe. Lilitudhuru sisi, na kwa kupitia kwetu likamfikia mzee ambaye, siku tulipokuwa tukifunga mafundo, hatukumjua.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: kosa lisiloonekana ni kosa tangu pale lilipoonwa na mtendaji wake akaliacha. Kabla ya hapo ni bahati mbaya tu, ambayo kila mkono huipata. Kukosea zamu ni jambo la kibinadamu. Kubonyeza kwa ukucha ni jambo la kuchagua.

Washairi wenzetu watatuelewa upesi. Shairi letu lina mizani kumi na sita kwa mstari, nane na nane. Mghani hodari aweza kuivuta sauti akaijaza nafasi ya mizani moja iliyopungua, na wasikilizaji wakapiga makofi. Mtunzi yeye anajua. Akiridhika leo na makofi yale, kesho atapunguza mbili, na kesho kutwa atakuwa na sauti isiyokuwa na shairi.

Hata hivyo tusije tukageuza funzo hili kuwa mzigo wa kuwavunja vijana. Singa zikifungwa na kufumuliwa mara nyingi huchakaa, na mtoto anayefumua bila ya kikomo hatamvika mama yake kitu. Babu mwenyewe, tulipomchunguza kazini, hakufumua kila palipokuwa na walakini. Singa nene kidogo aliiacha. Tanzi legevu kidogo aliliacha, akisema mkono wa mtu si mashine. Alichofumua ni zamu iliyorukwa, kwa sababu hapo kazi ilikuwa imeacha kuwa ile aliyoikusudia. Kuna upungufu wa uwezo, nao hustahiki kuvumiliwa. Na kuna uvunjaji wa ahadi, nao hustahiki kufumuliwa. Kuvipambanua viwili hivi ndiyo hekima, na haifundishwi kwa maneno matupu.

Tena kuna suala la wakati. Fundo la sasa hivi hufunguka kwa kidole. Fundo lililofunikwa na mengine sita hutaka robo saa na moyo wa kustahimili. Fundo la miaka hutaka kisu, na kisu hukata hata palipofungwa sawa. Laiti tungalilirudisha jalada lile jioni ile, tungaliona haya ya dakika tano mbele ya mkubwa mmoja. Tuliikwepa haya hiyo, tukaibadilisha na nyingine ambayo haijatuacha kwa miaka zaidi ya thelathini.

Kwa walimu tuna ombi. Leo bangili za plastiki huuzwa kwa bei ndogo katika kila gulio, wala hatuwafundishi watoto kusokota ili wapate kushindana na viwanda. Twawafundisha kwa sababu kigwe hakidanganyiki. Mwanafunzi aweza kumridhisha mtahini kwa jibu aliloliiba. Hawezi kuliridhisha fundo. Basi mtoto akija mezani na kazi nusu, akasema amefumua kwa sababu alikosea, asihesabiwe kuwa mvivu, wala asichekwe mbele ya wenzake. Apewe alama zake, tena apewe muda. Na akija kusema amekosea, mwalimu asimfokee, maana tukiwafokea wanaoungama tutalea taifa la watu wenye kucha hodari za kubonyezea.

Na kwenu vijana, twasema neno moja. Mkiwa na uzi, ketini siku moja mfunge bangili ya mtu mnayempenda. Mtakosea zamu. Hapo kabla ya kutazama kama mwalimu anawaona, itazameni mikono yenu, kisha mfumue.