Binti Aliyekataa: Je, Amevunja Heshima ya Wazazi?



Wengi wetu tuliopita sekondari tunaukumbuka mchezo mmoja wa kuigiza wa Kameruni, Trois prétendants… un mari, maana yake wachumba watatu, mume mmoja. Aliuandika Guillaume Oyono-Mbia, ukachapwa Yaoundé mwaka 1964. Darasani tulicheka sana. Sasa mimi ni baba wa wasichana. Nimeusoma tena, na kicheko kimepungua.

Juliette anatoka kolegi, anafika kijijini Mvoutessi, anakuta wamekwisha kupatana juu yake. Baba yake, Atangana, amepokea franga 100.000 kwa Ndi, kijana mkulima. Kisha anakuja Mbia, mtumishi wa serikali, mtu wa cheo, anaweka 200.000. Jamaa wote wanashangilia: Ndi arudishiwe zake! Lakini Juliette anampenda Oko, mwanafunzi asiye na kitu.

Basi, swali letu. Amri inasema tuheshimu baba na mama. Binti anayemkataa mume aliyechaguliwa na ukoo, ameivunja?

Tumtazame kwanza alivyofanya. Hakukimbia usiku. Alisema wazi mbele ya wazee kwamba hakuna aliyemuuliza. Nao wakastaajabu: tangu lini msichana anaulizwa? Mimi sioni dhambi katika maneno yale. Kumheshimu baba si kumfichia yaliyo moyoni. Tena tusiwadharau wale wazazi haraka. Walilipa masomo ya mtoto kwa jasho, na katika ukoo mahari ya dada mara nyingi ndiyo inayomwoza kaka. Nani kati yetu aliyelipa minervali miaka sita hajawahi kuhesabu moyoni? Tuseme kweli.

Lakini kuhesabu ni jambo moja, na kuuza ni jingine. Rebeka alipochumbiwa, vito vya dhahabu na mavazi vilikuwa vimekwisha kutolewa jioni, kaka na mama wamepokea zawadi zao. Hata hivyo, asubuhi walimwita msichana mwenyewe wakamuuliza kama atakwenda na mtu yule. Na hapa kwetu, Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inadai mahari, ndiyo, lakini inadai pia kila mmoja wa wachumba akubali yeye mwenyewe. Baba hawezi kukubali kwa niaba yake.

Sasa jambo gumu. Juliette anazichukua kwa siri zile 300.000, anampa Oko, ili Oko aje kama mtu tajiri na kuzilipa kwa Atangana. Wengine husema: ni bei yake mwenyewe, ameichukua tu. Mimi nakataa. Franga zile hazikuwa zake. Hazikuwa tena za baba yake, kwa kuwa alikuwa na deni la kuzirudisha. Zilikuwa za Ndi na za Mbia. Mbia ana mshahara. Lakini Ndi alilima. Katika kisa kizima, Ndi ndiye mtu ninayemhurumia kuliko wote, na hakuna anayemuuliza neno.

Kuna hasara nyingine. Atangana anahangaika kumtafuta mchumba mwingine mwenye 300.000, mganga anaitwa kumfunua mwizi, kisha anatokea Oko na fedha mkononi, na wote wanafurahi. Wamejifunza nini? Kwamba binti ni wa anayelipa zaidi! Juliette amempata mume anayempenda, nami nafurahi kwa ajili yake, lakini mdogo wake atakapokomaa atakuta bei ileile ikimngoja. Ukweli alioanza kuusema mbele ya wazee ameuficha chini ya uongo.

Kosa ni lake, ndiyo. Lakini ni nani aliyeufunga mlango wa maneno? Alisema, wakamcheka. Mtoto anayechekwa akisema kweli hutafuta njia nyingine, nasi tutakuja kushangaa kwamba sanduku ni tupu.

Mtaniambia kwamba kwetu siku ya mahari binti huulizwa mbele ya watu wote: tupokee? Ni desturi nzuri. Lakini tazameni inakuja saa gani. Mbuzi wamekwisha kufungwa uani, suti ya baba imepimwa, vitenge vya mama vimehesabiwa kwenye fakture, wajomba wametoka mbali na wana njaa. Msichana gani atasema hapana wakati ule? Afadhali shangazi aende kwake juma moja mbele, jikoni, wawili tu, fakture ikiwa bado haijaandikwa. Na akisema hapana, shangazi asirudi kwa wazee kusema kwamba binti ameona haya.