Subiaco Baada ya Roma: Swali la Mahali na Utulivu wa Roho

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa na dini zimerithishana tangu zama za kale, lipo moja ambalo kila msafiri hulijibu kwa vitendo hata kama hajawahi kulitamka: je, mahali pana uwezo wa kuituliza roho ya mtu, au roho huchukua ghasia zake popote iendapo? Nchini Italia swali hili limepata sura mpya, kwa kuwa wageni wengi, baada ya kukaa siku kadhaa Roma, Firenze au Venezia, ambako hupanga foleni juani na kutazama picha takatifu juu ya vichwa vya wenzao, huamua kumalizia safari katika miji midogo ya milimani wakitumaini kupata huko kile walichokikosa jijini. Uamuzi huo huonekana kuwa suala la ratiba na nauli tu, ilhali ndani yake mna dai zito kuhusu mwanadamu, na dai hilo linastahili kupimwa.

Mwanafalsafa wa Kirumi Seneca, aliyefariki mwaka 65, alilipinga dai hilo bila kusita. Alikuwa mfuasi wa Ustoa, yaani mafundisho yanayoshikilia kwamba wema na utulivu wa mtu hutegemea hukumu za akili yake na si mambo yaliyo nje yake, na katika barua zake kwa rafiki yake Lucilius alieleza kwamba anayebaki na huzuni safarini hana sababu ya kushangaa, maana amesafiri pamoja na nafsi ileile aliyokuwa akiikimbia. Karne nyingi baadaye, mwaka 1336, mshairi Petrarca alipanda mlima Ventoux huko kusini mwa Ufaransa, akafungua kileleni kitabu cha Maungamo cha Mtakatifu Augustino, akakutana na maneno yanayowalaumu watu wanaostaajabia milima na bahari huku wakijisahau wenyewe, na kwa maelezo yake mwenyewe akashuka kimya kwa aibu. Hata hivyo Petrarca huyohuyo, ingawa Venezia ilikuwa imempa nyumba, alichagua kuishi miaka yake ya mwisho Arquà, kijiji cha vilima vya Euganei, na huko ndiko alikofia mwaka 1374. Aliyekubali kwamba mlima hauwezi kumwokoa hakuacha kutafuta kilima cha kuzeekea, na ni vigumu kuamini kwamba alifanya hivyo kwa udhaifu tu.

Jibu lenye kina zaidi linapatikana katika maisha ya Mtakatifu Benedikto, jinsi yalivyosimuliwa na Papa Gregori Mkuu mwishoni mwa karne ya 6. Benedikto alizaliwa Norcia, mji wa milima ya Umbria, mnamo mwaka 480, akapelekwa Roma kusoma, na alipoona mwenendo wa wanafunzi wenzake akaliacha jiji pamoja na elimu yake, akaenda kujificha katika pango la Subiaco, takriban kilometa 70 mashariki mwa Roma, ambako aliishi miaka 3 akiletewa mkate na mtawa mmoja aliyeuteremsha kwa kamba. Bonde lenye pango hilo halikuwa pori lisilojulikana, kwani Kaisari Nero, aliyekuwa mwanafunzi wa Seneca, alikuwa amejenga humo kasri la anasa kando ya maziwa aliyoyatengeneza kwa kuuziba mto Aniene. Bonde moja, basi, liliwahi kuwa makao ya starehe na baadaye makao ya toba, jambo linaloonyesha kwamba ardhi peke yake haiamui atakachofanya mtu juu yake. Gregori anaongeza habari ambayo wengi huipita haraka: ndani ya pango, mbali na vishawishi vyote vya Roma, kumbukumbu ya mwanamke aliyewahi kumwona iliwaka moyoni mwa Benedikto hata akakaribia kuondoka, naye akaishinda kwa kujitupa uchi katika miiba. Kwa hiyo Seneca alisema kweli, kwamba upweke hauzimi ghasia za ndani. Lakini pango lilifanya kazi ambayo Seneca hakuihesabu, kwa sababu lilimwondolea Benedikto visingizio, na yale yaliyokuwa yamefunikwa na kelele za jiji yakajitokeza wazi, yakaweza kukabiliwa. Utulivu wa mahali haumponyi mtu, bali humfikisha mbele ya yale anayopaswa kuponywa.

Inashangaza, basi, kwamba Benedikto alipoandika Kanuni yake, yaani mwongozo wa maisha ya watawa unaofuatwa hadi leo, hata katika abasia za Peramiho na Ndanda kusini mwa Tanzania, hakuupa upweke nafasi ya kwanza. Aliweka mbele ahadi ya kudumu, ambayo kwayo mtawa hujifunga na jumuiya moja hadi kufa, na tangu sura ya kwanza aliwakemea vikali watawa wazururaji, waliokuwa wakikaa siku 3 au 4 katika kila makao kisha wakahamia mengine, wakitumikia matakwa yao wenyewe. Msomaji wa Kiswahili atakitambua mara moja kipimo hicho cha siku, kwa kuwa wahenga nao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba upo muda ambapo ukaaji wa mgeni ama hugeuka kuwa ushirika ama hukoma. Kosa la mzururaji si kwenda, bali ni kuondoka kila mara kabla mahali hapajaanza kumdai chochote. Kwa kipimo hiki, msafiri anayetoka Roma akapita Orvieto asubuhi, Assisi mchana na Spello jioni hajaliacha jiji hata kidogo, maana ameuhamishia milimani mwendo uleule uliomchosha.

Hatari ya mwendo huo inaonekana Civita di Bagnoregio, kijiji cha mkoa wa Lazio kilichokaa juu ya kilima cha tufu, yaani jiwe laini lililotokana na majivu ya volkano, ambalo linaendelea kumomonyoka. Tetemeko la mwaka 1695 liliwafanya wakazi wengi wahame, na leo wanaoishi humo daima ni wachache mno, ilhali kijiji hufikiwa kwa miguu tu kupitia daraja moja. Sifa yake kwamba ni mji unaokufa ndiyo iliyowavuta wageni, wakawa wengi kiasi kwamba tangu mwaka 2013 kijiji kinatoza kiingilio, miaka 11 kabla Venezia haijaanza kuwatoza wageni wa kutwa. Kila mmoja alikwenda kutafuta upweke, na wote pamoja wakaumaliza.

Uchungu wa jambo hili unaongezeka kwa kuwa Bagnoregio ndiko alikozaliwa Mtakatifu Bonaventura, mwanateolojia Mfransisko ambaye mwaka 1259, akiwa mlimani La Verna, alitunga kitabu kuhusu safari ya akili kwenda kwa Mungu. Bonaventura hakuwadharau watu wanaotazama milima. Alifundisha kwamba viumbe ni nyayo za Muumba, hivyo macho yana haki ya kuanzia nje, kwenye mwanga, mawe na miti, ili mradi akili isiishie hapo, bali iingie ndani ya nafsi, na kutoka nafsini ipande hata juu ya nafsi. Hapo aibu ya Petrarca inapata jibu, kwa maana kosa halikuwa kuutazama mlima, ila kuufanya mlima kuwa mwisho wa safari. Anayefika Civita, akapiga picha na kurudi kwenye basi, amezikanyaga nyayo bila kuzifuata.

Kuna jambo jingine ambalo maadili hayawezi kulinyamazia. Takriban asilimia 70 ya manispaa za Italia zina wakazi wasiozidi 5,000, na nyingi kati yake, hasa za milimani, zimekuwa zikipoteza watu tangu vizazi vilivyohamia Amerika, kisha Torino na Milano, kutafuta kazi. Ukimya unaomfurahisha mgeni jioni uwanjani mara nyingi ni ukimya wa shule iliyofungwa kwa kukosa watoto, na kuufurahia bila kujua ulikotoka ni kufurahia msiba wa mwenyeji. Haimaanishi kwamba mgeni asiende. Pengine ujio wake ndio unaoliwezesha tanuri la mkate kuendelea kuwaka. Inamaanisha kwamba hana haki ya kuudai mji ubaki mtupu kwa ajili yake.

Kielelezo bora cha mgeni kipo Subiaco kwenyewe. Katika karne ya 15 monasteri ya Santa Scolastica iliwapokea Wajerumani wawili, Sweynheym na Pannartz, ambao hawakuja kutulizwa bali walikuja na ufundi wao, na mwaka 1465 wakachapa humo baadhi ya vitabu vya kwanza kuchapwa Italia. Kazi ya uchapaji ambayo Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho waliiendeleza kwa Kiswahili ni ya ukoo huohuo. Msafiri wa leo hatarajiwi kuleta mtambo. Anachoweza kuleta ni muda, na kwa hiyo mwenye siku 4 zilizobaki baada ya Roma azitumie zote katika mji mmoja, anunue mkate kwa mwokaji yuleyule kila asubuhi, na asiikimbie siku ya tatu, ambayo kwa kawaida huwa nzito. Sura ya 53 ya Kanuni inaagiza wageni wote wapokewe kama Kristo mwenyewe, na Santa Scolastica ina nyumba ya wageni hadi leo.