Hesabu ya Wavutao na Hiari ya Mmoja

Lusahunga, katika Biharamulo, ni njia panda ipitiwayo na malori yaendayo Rwanda na Burundi. Chukulia, msomaji, madereva 300 wa njia hiyo, wote wavutaji wa sigara. Chukulia tena kwamba kila mwaka, katika kila wavutaji 10, wawili huacha. Na katika kila 10 walioacha, mmoja huirudia. Nambari hizo zikipangwa kwa mistari miwili, 8 na 2, kisha 1 na 9, ndilo jedwali la mpito, ambalo wanahisabati huliita matriksi. Mwaka wa kwanza watabaki wavutaji 240, wa pili 198, na baada ya miaka mingi hesabu itatulia kwenye 100. Hata kama mwanzoni wote wangekuwa wameacha, ingefika hapo hapo. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Je, ikiwa mwisho wajulikana, yupo aachaye kwa hiari yake?

Swali hili si geni. Nchini Urusi, Pavel Nekrasov alidai kuwa takwimu za watu haziwezi kuwa na utaratibu ila matendo yao yawe hayategemeani, na humo akaona ushahidi wa hiari. Mwaka 1906 Andrei Markov alimpinga, akaonyesha kwamba utaratibu huo hutokea hata pale kila hatua inapotegemea iliyoitangulia. Mwaka 1913 akahesabu herufi 20,000 za *Evgenii Onegin* ya Pushkin, apate kujua irabu na konsonanti hufuatana vipi. Hesabu ile ilikuwa sahihi, lakini haikutunga hata ubeti mmoja.

Basi utulivu wa hesabu hauthibitishi hiari, wala hauikanushi. Itazame ile 100: kila mwaka 20 hutoka, na wengine 20 huingia. Idadi imetulia, watu hawakutulia. Jedwali halimjui mtu kwa jina, wala halina kumbukumbu: aliyeacha mwaka jana na aliyeacha miaka 10 iliyopita kwalo ni mamoja. Mganga apangaye dawa za mwakani atalihitaji. Lakini mwajiri amwambiaye dereva, "Wewe u katika wale wanane," amemdhulumu, kwani amemhukumu mmoja kwa hesabu ya wengi.

Tena nambari zile hazikushuka kutoka mbinguni. Ni matendo ya watu yaliyohesabiwa. Wakiacha watatu badala ya wawili, ile 100 itakuwa 75.