Mbia Asiyeondoka

Soma Matendo 18:1-11. Paulo alikuwa na sababu gani za kutaka kuondoka Korintho, na Bwana alimwambia nini kuhusu mji huo?

Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, watu wa kila kabila na kila dini. Paulo alifika bila mtaji. Alikaa kwa Akila na Prisila, mafundi wa mahema kama yeye, akafanya kazi nao, na kila Sabato alizungumza na watu katika sinagogi. Walipompinga, alihamia nyumba ya Tito Yusto, iliyopakana na sinagogi hilohilo. Ndipo Bwana alipomjia usiku katika maono. Hakumpa mbinu mpya. Alimtaka asiogope, aendelee kunena, kwa kuwa Yeye yupo pamoja naye na tayari anao watu wengi mjini humo. Paulo hakuwajua watu hao hata kwa sura. Mungu aliwajua.

Hali hiyo si ngeni Mchafukoge. Anayetembea katika mitaa ile hukutana na Waislamu, Wahindu na Wakristo wa madhehebu mengi, kila mmoja na shughuli zake. Mkristo anayefungua duka hapo huenda akajisemea moyoni: “Watu hawa wana dini zao na wana haraka zao. Nitaanzia wapi?” Akivuka Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo, swali linazidi kuwa zito, maana Jumamosi soko limejaa. Wateja wa mikoani wamekuja na orodha zao, na kodi ya fremu haiulizi mpangaji anasali siku gani. Muumini anayefunga duka Ijumaa kabla ya jua kuzama hupoteza fedha kwelikweli. Si haki kanisa kulizungumzia jambo hilo kana kwamba ni dogo.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua mali kauli. Mwenye duka la jumla humkabidhi machinga mzigo bila fedha taslimu, kwa neno tu. Machinga huuza, kisha hurudi na fedha. Utume wa Mathayo 28:18-20 unafanana na huo kwa sehemu: mzigo si wa muuzaji, na ameaminiwa kabla hajathibitisha lolote. Lakini mwenye mali kauli hubaki dukani akisubiri hesabu, ilhali Yesu huingia sokoni pamoja na aliyemtuma. Kabla ya kuitaja kazi alitaja mamlaka yake, na baada ya kuitaja aliahidi kuwapo siku zote, hata mwisho.

Waadventista wa Tanzania walilijua hilo mapema. Mwaka 1903 wamisionari wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walianza kazi Giti, katika milima ya Upare. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya vita hiyo: baada ya Waingereza kuitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, hapo palikuwa na kambi ya kikosi cha wapagazi, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi, na maelfu ya wapagazi wa vita hiyo hawakurudi makwao. Vita hiyohiyo iliwaondoa wamisionari Wajerumani Upare. Kwa hesabu ya kibinadamu, mbia mwenye mtaji alikuwa amekwenda zake na duka lilipaswa kufungwa. Halikufungwa. Imani ilibaki kwa Wapare wenyewe, na leo wajukuu wa milima hiyo wamo katika makanisa ya Dar es Salaam na nyuma ya kaunta za Kariakoo.

Soma 1 Wakorintho 3:5-9. Kazi ya mwanadamu inaishia wapi, na ya Mungu ni ipi?

Fungu hili wakati mwingine hugeuzwa kisingizio: ikiwa anayekuza ni Mungu, basi mkulima na alale. Sivyo alivyoishi Paulo. Baada ya maono yale alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita akifundisha. Wala Apolo hakuiva kwa siku moja. Prisila na Akila walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Hesabu ya waliobatizwa mwishoni mwa mahubiri ya hadhara hufurahisha, na ni halali kufurahi. Lakini ni nani atakayewakaribisha chai miezi minne baadaye, maswali magumu yanapoanza?

Katika maduka yaliyobanana, jirani ndiye anayeombwa chenji, na ndiye anayeachiwa duka mwenyewe anapokwenda kuswali. Jirani huyo ameuona mlango ukifungwa kila Ijumaa jioni. Amewaona pia wateja wakirudi na fedha zao mkononi Jumamosi. Siku atakapouliza sababu, huenda Mungu atakuwa amekwisha kusema naye muda mrefu, tangu kabla muumini hajalipa kodi ya kwanza mahali hapo.

Ni nani, mahali unapofanyia kazi, ambaye umekwisha kuamua moyoni kwamba hawezi kumpokea Kristo? Ukisoma Matendo 18:10 ukimfikiria yeye, ni jambo gani unaloweza kulifanya juma hili?