Ila ya Kitu na Wajibu wa Mwenye Kuijua

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kuwakumbusha ndugu zetu jambo lililoenea katika miji yetu ya pwani, nalo ni kununua vitu kwa simu kutoka kwa wauzaji tusiowaona. Mtu aliye Lamu huona picha ya kitu kilichoko Nairobi, akaafikiana na mwenyewe juu ya bei, akapeleka fedha kwa M-Pesa, na kitu kikaja kwa basi mpaka Mokowe, kisha kikavushwa kwa mashua. Biashara hii ina manufaa makubwa, wala hatusemi watu waiache. Lakini mara nyingine boksi hufunguliwa, kikaonekana kioo kimepasuka au mashine haizunguki. Hapo muuzaji husema hakikuharibika kwake, na mchukuzi husema yeye hakukigusa. Mnunuzi naye, akiona fedha zake hazirudi, hukipangusa kitu kile akamwuzia jirani yake bila ya kumwambia neno, na moyoni mwake husema: "Nami niliuziwa hivi hivi."

Je, aliyedanganywa ana ruhusa ya kudanganya? Hili ndilo swali letu, na kabla ya kulijibu yafaa tuitazame haki ya kila mmoja.

Tuanze na muuzaji. Imepokewa katika Hadithi sahihi kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye chungu ya nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, akakuta maji. Mwenye nafaka akasema imenyeshewa na mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua, kwani mvua si kosa la mtu. Alimwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, kisha akawatenga na umati wake wenye kughushi. Basi dhambi ya mtu yule haikuwa ule uharibifu, ilikuwa ni kuuficha. Na picha ya simu ni kama ule uso wa juu wa chungu: mnunuzi hana mkono wa kuutia ndani, kwa hivyo muuzaji ndiye apasaye kumwonesha kilichoko chini.

Wengine huandika kuwa mali ikiuzwa hairudishwi, wakadhani wameokoka. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kama ilivyo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sharti ya namna hii haimwondolei muuzaji dhima ya ila iliyokuwako tangu kwake, ila tu ile iliyofichika ndani ya mnyama naye hakuijua. Na wale wasemao kuwa boksi likifunguliwa basi haki imekwisha, wajue kuwa wanazuoni waliitaja hata nazi: mtu akiivunja akaikuta mbovu, huirudisha, wala halipi kwa kule kuivunja, kwani ila yake haijulikani ila kwa kuvunjwa. Kadhalika kitu kikiharibika njiani, mikononi mwa mchukuzi wa muuzaji, hasara ni ya muuzaji. Lakini kama mnunuzi amemtuma wakili wake akakipokee, basi kimekwisha kuingia mkononi mwake.

Na mnunuzi naye asidhani kuwa kudhulumiwa kumemfanya malaika. Akiiona ila na ataka kurudisha, yampasa afanye haraka. Akiwa katika sala au chakula atamaliza. Ikiwa ni usiku atangoja asubuhi. Lakini akiendelea kukitumia kitu baada ya kuijua ila yake, haki yake ya kurudisha imepotea. Hata aliyemwacha punda na tandiko lake mgongoni, wanazuoni wamemhesabu kuwa ameridhika. Basi atasema nini yule aliyeitumia simu mwezi mzima kisha akadai fedha zake? Na aliyeiangusha mwenyewe kisha akamsingizia kijana wa bodaboda, huyo amekula mali ya watu kwa batili.

Katika jambo hili iko Hadithi yenye mazingatio makubwa. Muuzaji mjanja huacha kumkama mnyama siku kadha ili chuchu zijae, na mnunuzi adhani kuwa ana maziwa mengi. Mtume alimpa mnunuzi huyo hiari ya kumweka mnyama au kumrudisha, na akimrudisha ampe muuzaji pishi ya tende pamoja naye, kwa ajili ya maziwa. Tazama uadilifu huu! Amedanganywa, na juu ya hayo hakuachiliwa kuyala maziwa ya mdanganyifu bure. Ikiwa haki ya mdanganyifu mwenyewe yalindwa, itakuwaje haki ya jirani ambaye hakukutenda lolote?

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Hasara unayoificha haifutiki, huhama tu. Nayo huhamia kwa nani? Si kwa yule muuzaji wa mbali aliyekuonea, kwani huyo humfikii. Huhamia kwa mwenye kukuamini: jirani, mtu wa msikitini kwako, mjane asiyejua mashine. Imani yake ndiyo unayoiuza, na bei yake ni ndogo mno.

Atauliza mtu, "Basi mimi nile hasara?" Twasema: dai haki yako. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na kulipwa fidia ya hasara itokanayo na kasoro. Weka ushahidi wa malipo, piga picha kitu mara ukifunguapo, umwarifu muuzaji siku ile ile. Ukishindwa, kiuze kwa ila yake: mwambie mnunuzi ilipo, na akichukue kwa bei impasayo. Fundi huenda akakitaka kwa ajili ya vipande vyake. Utapata kidogo, lakini kitakuwa chako.

Kila aijuaye ila na anyamazaye ni mshirika katika udanganyifu, awe wa kwanza kuuza au wa kumi. Na udanganyifu uliotoka mbali hukoma pale anapopatikana mtu mmoja wa kusema kweli, hata ikimgharimu. Ndugu zetu, na tuwe sisi mtu huyo. Mwenyezi Mungu atuwafikie.