Mgeni na Jembe Lake



Jumapili moja baada ya ibada, mzee mmoja wa mtaa wetu alinivuta kando, chini ya mwembe, akanionyesha ujumbe katika simu yake. Ulitoka kwa mwanawe anayefanya kazi katika mji wa Boston, Marekani. Kijana alimwandikia baba yake ya kuwa atamtumia tiketi aende kumtembelea mwezi wa Julai, na kwamba akishafika watakwenda wote siku tano kupumzika katika miji midogo ya jimbo la Vermont.

"Mwalimu," mzee akaniuliza, "huko Vermont kuna nini?"

Nikamwambia kuna milima, mito, malisho ya ng'ombe na vijiji vyenye utulivu. Mzee akacheka sana. "Ng'ombe ninao. Mto upo pale bondeni. Kijiji ndicho hiki tunachokaa. Sasa mtu hupandaje ndege kwenda kukaa bure katika shamba la mwenzake?"

Nilicheka naye, lakini nilipofika nyumbani niliona ya kuwa swali lake si la mzaha. Je, ni haki mtu kupumzika mahali ambapo wenzake wanafanya kazi? Na kama ni haki, anadaiwa nini? Watoto na ndugu zetu walioko ng'ambo ni wengi siku hizi, na mialiko ya namna hii inazidi. Basi na tulifikirie jambo hili pamoja.

Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni. Ya kwanza yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukizitazama upesi utadhani zinapingana. Ya kwanza inamwona mgeni kuwa ni baraka, ya pili inamwona kuwa ni mzigo usipopata wa kuubeba. Nadhani zote mbili ni za kweli, na mtu anayepanga mapumziko yake hana budi kuzisikiliza zote.

Kwanza tuitazame Vermont yenyewe. Ni jimbo dogo la kaskazini mashariki ya Marekani, linalopakana na Kanada. Liliingia katika Muungano wa Marekani mwaka 1791, likiwa jimbo la 14. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 lilikuwa na watu kama 643,000 tu, na mji wake mkubwa kuliko yote, Burlington, haukufika watu 45,000. Makao makuu yake, Montpelier, yana watu kama 8,000, na hakuna makao makuu ya jimbo jingine lolote la Marekani yaliyo madogo kiasi hicho. Mwezi wa Julai joto la mchana ni la kiasi, na kwetu sisi tuliozoea jua kuzama saa kumi na mbili ni ajabu kuona mwanga bado upo saa mbili usiku. Iko barabara, Namba 100, inayopita kutoka kusini hadi kaskazini kando ya milima, ikiunganisha miji midogo kama Weston, Ludlow, Rochester na Waitsfield. Mtu akitoka Boston kwa gari hufika Weston kwa muda wa saa tatu hivi.

Mgeni akiingia huko huhisi utulivu kabla hajajua sababu yake. Kisha akitazama vizuri hugundua ya kuwa kando ya barabara hakuna mabango makubwa ya matangazo. Hayakukosekana kwa bahati. Mwaka 1968 wenyeji walipitisha sheria ya kuyakataza, na yaliyokuwapo yakaondolewa. Mwaka 1970 wakaweka sheria nyingine ya kupima athari za ujenzi mkubwa juu ya ardhi yao. Na katika miji mingi, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado iko nje, wakazi hukutana ukumbini wakajadili na kupigia kura fedha za barabara na mambo mengine ya mji.

Tazama pia madaraja yao ya mbao. Jimbo lile lina madaraja kama mia moja yenye paa na kuta, na wageni hupenda kuyapiga picha. Lakini paa lile halikuwekwa kwa ajili ya urembo. Liliwekwa ili mvua na theluji zisiozeshe mbao zinazobeba daraja. Mwaka 2011, tarehe 28 Agosti, dhoruba iliyoitwa Irene ilileta mafuriko yaliyobomoa barabara na kuacha miji zaidi ya kumi bila njia ya kufikika. Daraja la Bartonsville, lililojengwa mwaka 1870, lilichukuliwa na maji. Wenyeji hawakuridhika na daraja la kawaida tu. Walijenga jingine la mbao lenye paa, likafunguliwa mwaka 2013.

Nayataja haya ili tuone jambo moja: utulivu ule anaoufuata mgeni si zawadi ya milima peke yake. Ni kazi ya watu. Yupo aliyekaa mkutanoni hadi jioni akibishania bei ya kokoto. Yupo anayeamka alfajiri kukamua ng'ombe ili malisho yasigeuke pori, na katika mashamba mengi makubwa ya maziwa mkamuaji ni mhamiaji kutoka Meksiko au Guatemala, ambaye mgeni hamwoni kabisa. Yupo mama anayetandika kitanda katika nyumba ya wageni. Pumziko la mtu mmoja limeegemea mabega ya wengine.

Hapa msomaji atanijibu: "Lakini nimelipa. Kitanda nimekilipia, chakula nimekilipia. Deni liko wapi?"

Hilo ni jibu la haki, wala si la kudharauliwa. Fedha ya mgeni husaidia kweli. Tarehe 10 na 11 Julai mwaka 2023, katikati ya majira hayo hayo ya mapumziko, mvua kubwa ilifurika Montpelier, Ludlow na miji mingine. Maduka yalijaa tope. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hizo hizo, mafuriko yakarudi tena katika sehemu nyingi za jimbo. Fikiri juu ya mwenye duka aliyesafisha tope, akakopa, akafungua mlango, halafu asione mtu akiingia kwa kuwa watu wa mbali wamesikia habari za mafuriko wakaogopa. Kwa mtu kama huyo, mgeni njoo, mwenyeji apone ni habari ya mkate wa watoto wake.

Walakini fedha hiyo hiyo huweza kuumiza. Wageni wengi wenye uwezo walizipenda sana sehemu hizi hata wakanunua nyumba za kukaa wiki chache tu kwa mwaka. Zaidi ya nyumba moja katika kila kumi jimboni ni za namna hiyo. Bei zikapanda, na mwalimu wa shule, au kijana aliyezaliwa pale pale, akashindwa kupata mahali pa kuishi. Wakati huo huo mashamba ya maziwa, ambayo katikati ya karne ya 20 yalikuwa zaidi ya 10,000, yamepungua hadi chini ya 600. Hivyo kuna namna mbili za utulivu. Uko utulivu wa kijiji kilicho hai, ambacho watu wake wamemaliza kazi wakakaa barazani. Na uko utulivu wa kijiji ambacho watu wake wameondoka. Mgeni asiyefikiri aweza kuupenda wa pili akidhani ni wa kwanza.

Kwa hiyo malipo pekee hayatoshi. Fedha hulipia kitanda. Hailipii mto, wala barabara isiyo na mabango, wala salamu ya mtu asiyekujua. Vitu hivyo mgeni hupewa bure, na kitu cha bure ndicho chenye deni kubwa zaidi. Hapo ndipo jembe la siku ya tatu linapoingia.

Jembe la mgeni wa siku tano ni lipi? Si lazima alime. Nitataja mambo machache ambayo yeyote anayepanga safari kama hiyo aweza kuyaweka katika mpango wake.

Kwanza, achague mji mmoja au miwili, asichague saba. Anayekimbia kutoka daraja hadi daraja amechoka na amewachosha wengine, na hakuna aliyemjua hata kwa jina. Anayekaa siku tatu mahali pamoja ataijua siku ya soko la wakulima, atajua duka gani hufungwa Jumatatu, wala hatanung'unika mlangoni. Mwenye duka naye anastahili siku yake ya kupumzika. Amri ile ya kupumzika tuliyofundishwa tangu utoto haikumtaja mwenye nyumba peke yake. Ilimjumuisha mtumishi wake, mgeni wake na hata mnyama wake. Pumziko linalomnyima mwingine pumziko lina kasoro.

Pili, awe mwaminifu asipoonekana. Kando ya barabara nyingi za huko kuna vibanda vidogo vya mazao: mahindi, nyanya, mayai, na chupa za ile sharubati ipikwayo kutokana na utomvu wa mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Yahitajika kama lita 40 za utomvu kupata lita moja ya sharubati. Mara nyingi kibandani hakuna muuzaji. Kuna bei iliyoandikwa na kisanduku cha fedha. Mgeni huchukua, hulipa, huenda zake. Kisanduku kile ni mtihani, na kila anayeiba mle hamwibii mkulima mayai tu, anauibia mji mzima imani yao kwa wageni.

Tatu, akumbuke ya kuwa sehemu nyingi nzuri za kuogelea mitoni ziko katika ardhi za watu. Mwenye ardhi ameruhusu kwa hisani. Mgeni akiacha taka au akiziba njia kwa gari lake, hisani hiyo itakwisha, na wa kwanza kuumia ni watoto wa pale kijijini.

Nne, akubali kupewa kazi. Hapa namkumbuka Calvin Coolidge, aliyezaliwa katika kijiji cha Plymouth Notch, Vermont, mwaka 1872. Alipokuwa Makamu wa Rais wa Marekani alikwenda likizo nyumbani kwa baba yake mwezi Agosti 1923. Picha za likizo zake kijijini zinamwonyesha akishughulika na nyasi kavu za mifugo shambani. Usiku wa kuamkia tarehe 3 ikaja habari kwamba Rais Harding amefariki. Nyumbani hapakuwa na umeme. Baba yake, aliyekuwa na mamlaka ya kuapisha watu, alimwapisha mwanawe kuwa Rais kwa mwanga wa taa ya mafuta, saa nane na dakika 47 usiku. Baada ya kiapo, Rais mpya akarudi kulala. Nyumba ile ingalipo, nayo hufunguliwa kwa wageni majira ya kiangazi. Naipenda habari hiyo kwa kuwa yaonyesha mtu aliyepumzika bila kujitenga na kazi za nyumba, na pengine ndiyo sababu aliweza kulala.

Tena wako wageni wengine huko Vermont ambao hawakuja kwa siku tano. Katika Burlington na Winooski utasikia Kiswahili njiani, kwa maana wamo watu wa Kongo waliopokewa kama wakimbizi. Hao walipewa jembe siku ya kwanza. Wanafanya kazi, watoto wao wanasoma, na baadhi yao hulima mboga za kwao katika mashamba ya jumuiya. Anayekwenda kupumzika asiwapite kama asiyewajua. Salamu moja ya Kiswahili yaweza kuwa pumziko kwao.

Juma lililofuata nilimweleza mzee haya yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi nitakwenda. Lakini mwambie mwanangu atafute nyumba ambayo mwenyewe anafuga. Nikikaa siku mbili bila kushika kitu, mgongo utaniuma."

Sina la kumwongezea. Naliacha swali kwenu tu, ndugu zangu, kwa maana si la Vermont peke yake. Mwezi wa Desemba wengi wetu tutarudi vijijini kwa wazazi kupumzika. Tutakapoketi kivulini tukisifu utulivu, tutazame nani anachota maji, nani anapika, nani amelala mwisho na kuamka wa kwanza. Na ikifika siku ya tatu tusingoje kuambiwa. Jembe liko nyuma ya mlango.