Tini za Hezekia

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Kwa nini Isaya aliagiza tini, ilhali Mungu alikwisha kuahidi kuponya?

Hezekia alikuwa akifa. Aliomba kwa machozi, na Bwana akaahidi kumponya na kumwongezea miaka 15. Ndipo nabii akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ahadi haikuondoa dawa, wala dawa haikupunguza ahadi.

Waadventista wanaufahamu vema msingi huu. Katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya huduma ya uponyaji, Ellen G. White alitaja hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula bora, maji, na kuutumaini uwezo wa Mungu. Manufaa yake ni dhahiri. Mwenye shinikizo la damu husaidika akipunguza chumvi, akila mboga na matunda, na kutembea kila siku.

Lakini fikiria mshiriki anayetafuna kitunguu saumu kila asubuhi. Anajisikia vizuri, anaacha vidonge, na kanisani anashuhudia kwamba hiyo ndiyo imani. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Kiharusi huja ghafla. Kujisikia vizuri si kipimo.

Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama kwa kila mtu. Asali hutuliza kikohozi, lakini mtoto aliye chini ya miezi 12 hapaswi kupewa. Artemisia ndiyo iliyotoa artemisinini, dawa ya malaria iliyompatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hata hivyo, majani yaliyochemshwa nyumbani hayana kipimo cha uhakika. Mtoto mwenye homa anahitaji kupimwa, na akikutwa na malaria, apewe dozi kamili.

Je, anayeacha hospitali ana imani kubwa zaidi? Soma 2 Nyakati 16:12. Kosa la Asa halikuwa kuwaendea matabibu, bali kuwaendea bila kumtafuta Bwana. Vivyo hivyo, kosa la mshiriki yule si kitunguu saumu, bali kuukataa ukweli kuhusu mwili wake na kuuita ukaidi huo imani. Mungu ni Mungu wa kweli. Anayemtumaini haogopi kupimwa.

Jambo hili huwa zito zaidi tunapowashauri wengine. Anayemwambia jirani aache dawa hubahatisha kwa uhai usio wake. Upendo humpelekea mgonjwa uji na matunda, huomba pamoja naye, kisha humsindikiza kliniki.

Maswali ya Kujadili

1. Tunawezaje kutofautisha imani na kumjaribu Mungu? Linganisha na Mathayo 4:5–7.

2. Mtu akishuhudia kanisani kwamba aliacha dawa akapona, darasa lenu lifanye nini ili kumtukuza Mungu bila kuhatarisha wagonjwa wanaosikiliza?